Walisema Mama Ndiye Aliyekichosha Kinu

Ilikuwa Jumatano, saa nne na robo asubuhi. Saa ninaijua kwa sababu kengele ya misheni ilikuwa ndiyo kwanza imelia, ile ya kuwatoa watoto madarasani wakanywe uji. Mimi siku hiyo sikwenda shule, nilimsaidia mama kubeba ulezi mpaka kwenye kinu cha maji. Kengele ilipokoma, kinu nacho kikabadilika sauti. Kilikuwa kinanguruma kama kawaida yake, ngurumo ile unayoisikia kwenye nyayo kabla ya masikio, mara kikaanza kuvutavuta kama mgonjwa anayesimulia. Unga uliokuwa unamwagika sandukuni kama maji ukawa unadondoka kidogo kidogo. Na nafaka iliyokuwa ndani ya mawe wakati ule ilikuwa ya mama yangu.

Haya nimekaa nayo miaka saba. Nilidhani yamelala. Wiki iliyopita mwalimu wetu wa sayansi alichora ubaoni gurudumu kubwa na gurudumu dogo, akayaunganisha, akauliza: kama kubwa linazunguka vizuri na dogo linasuasua, mtautafuta ubovu wapi? Jibu nililijua tangu nina miaka kumi, lakini sikunyosha mkono, mimi si mtu wa kunyosha mkono. Nilikandamiza kalamu mpaka nibu ikapinda. Mwenzangu wa dawati akaninong'oneza, "We, unaumwa?" Siumwi. Nina hasira. Ndiyo maana ninaandika, na ninawaandikia ninyi wa rika langu, kwa sababu wakubwa walikuwepo na wanajua walichofanya.

Mama yangu ni Mnyakyusa, na baba vilevile. Tulihamia upande wa Iringa kutoka Mbeya kwa sababu baba ni seremala na misheni ilitaka seremala. Kazi ya kujenga ilipokwisha, baba akaenda machimboni kusini, akasema atarudi baada ya miezi tisa. Mama akabaki akifua mashuka ya zahanati, nasi tukabaki katika nyumba ya misheni, chumba na sebule, bati juu. Nyumba ile ilikuwa na sharti moja ambalo kila mtu alilijua: anayekaa humo awe Mkristo asiye na doa, anayeshiriki meza ya Bwana. Ukitengwa na meza, umetengwa na bati. Mama alilisema jambo hilo kwa kucheka, kabla halijawa la kweli.

Kinu kilikuwa chini ya kilima, mahali mfereji unapotelemka. Maji yaliangukia gurudumu la mbao refu kuliko nyumba yetu. Kutoka kwenye gurudumu hilo mkanda ulipita tundu la ukutani, ukaenda kuzungusha gurudumu dogo la chuma, na hilo dogo ndilo lililozungusha mawe. Mwenye kinu, kwa maana ya aliyekitunza, alikuwa Bwana Yeremia, mzee wa kanisa, mtu wa koti la kaki lililopigwa pasi. Alikipenda kinu kile kuliko watu. Alikuwa anakigonga gonga ubavuni kama mtu anayemsifu ng'ombe, anakiambia, "Kaza, bibi yangu, kaza." Mimi nilimwona mtu mkubwa sana.

Basi Jumatano ile Bwana Yeremia alitoka nyuma ya kinu, akachota nafaka kwenye debe letu, akainusa, akatafuna punje moja.

"Mama Tusekile, hiki ni nini?"

"Ulezi, bwana."

"Ulezi umeota mizizi huu. Hiki ni kimea cha pombe."

"Ni kimea, ndiyo. Cha togwa. Mama Yusta ana sherehe ya..."

"Kila mtu wa Mbeya akikamatwa na kimea, jibu lake togwa!"

Foleni ya wanawake ikacheka. Mmoja akasema kwa nyuma, "Togwa ile ukinywa unaanza kuimba." Wakacheka tena. Sasa mama ni mpole, lakini ukimbana ana ulimi. Akageuka, akasema, "Na ulanzi wenu mnaougema kwenye mianzi kule bondeni, huo mkinywa mnaimba zaburi?"

Hapo kicheko kikawa cha mama. Kulikuwa na bibi mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Nadhani kicheko kile ndicho kilichotuponza, kwa sababu Bwana Yeremia peke yake hakucheka. Alikwenda kuteremsha lango la maji, gurudumu likasimama, na katika ukimya ule akasema taratibu, kama anasoma: "Kinu hiki kiliombewa siku ya kwanza. Leo kimekataa pombe. Mmeona wenyewe."

Tukarudi nyumbani na debe nusu unga nusu punje. Nyuma yetu tulisikia amefungua maji tena, akatia mahindi ya mtu mwingine. Kinu kiliendelea kuvutavuta vilevile.

Nitasema ukweli kuhusu mimi. Niliamini. Mtoto wa miaka kumi akiambiwa na mzee wa kanisa kwamba kinu kimekataa, yeye atabisha na nini? Nililala nikipanga mambo kichwani. Mahindi yamekufa, nikasema, ndiyo maana yanasagika. Lakini kimea ni mbegu iliyoamka. Mama alikilowesha, akakifunika na majani ya mgomba, kikatoa mizizi myeupe kama nywele za mtoto mchanga. Kwa hiyo kilipoingia kwenye mawe hakikufa, kiliendelea kuota humo ndani, mizizi ikayashika mawe, jiwe la juu na la chini, na sasa yanavutana. Niliyaona mawazoni yale mawe yamejaa mizizi. Nilimwonea mama aibu.

Alhamisi, nikitoka shule, Bwana Yeremia aliniita mlangoni pa kinu. Alinipa kipande cha muwa. Akauliza kwa sauti nzuri:

"Tusekile binti yangu, nyumbani kwenu mna mtungi?"

"Upo."

"Unanukaje?"

Mimi mtu mkubwa akiniuliza swali, hamu yangu yote ni kujibu haraka ili aache kunitazama. Nikasema, "Siku nyingine unanuka uchachu."

"Ehe. Vizuri. Nenda, mwanangu."

Togwa huchachuka ikikaa siku mbili, kila mtu anajua. Yeye pia alijua. Niliutafuna muwa ule njia nzima, mtamu kabisa.

Jioni hiyo habari ikafika: Jumapili baada ya ibada mama ataitwa mbele ya wazee. Mama alikuwa anapepeta mchele, akaendelea kupepeta. Jirani yetu Mama Yusta, mdogo wake Bwana Yeremia wa tumbo moja, alikuwa amekaa nasi barazani. Na huyu Mama Yusta ndiye aliyekuja mwenyewe kumwomba mama kimea. Binti yake Yusta alikuwa anapata kipaimara, alitaka togwa ya wageni. Nilikuwepo alipoomba. Alisema, "Mwenzangu, mkononi mwako kimea hakishiki ukungu. Nitengenezee wewe." Sasa mama akamtazama, akasema, "Si utawaambia?"

"Nitawaambia," akasema Mama Yusta. "Kaka yangu namjua, ni moto wa mabua. Nitawaambia."

Ijumaa nilikwenda kinuni kuiona ile mizizi. Ndivyo upelelezi wangu ulivyoanza, kwa ujinga. Mchana Bwana Yeremia alifunga lango, akaenda kula, na mlango hakuufunga kwa sababu hakuna aliyethubutu kuingia. Niliingia. Nilichungulia kwenye tundu la jiwe la juu, nikaingiza mkono mpaka kiwiko. Mawe yalikuwa makavu, yana vumbi la mahindi. Hakuna unywele mmoja wa mzizi. Kama si mizizi, ni nini?

Nikawaza maji. Nikaufuata mfereji mpaka mtoni, nikitazama kama kuna aliyechepusha maji kwenda kwenye bustani yake ya bondeni, maana kiangazi watu huiba maji. Mfereji ulikuwa umejaa pomoni, maji yanagusa nyasi za kingo. Niliporudi, Bwana Yeremia alikuwa ameshafungua lango na wanawake wamejipanga. Nikakaa upande wa gurudumu kubwa, mahali ninapokaa siku zote.

Lazima niwaambie mchezo wangu. Tangu mdogo, nikisubiri zamu yetu, nilikuwa nahesabu mizunguko ya gurudumu kubwa huku nasali Baba Yetu kimoyomoyo. Ubao mmoja ulikuwa mpya, mweupe, huo ndio niliohesabu. Baba Yetu moja mpaka Amina, bila haraka, ubao mweupe ulipita mara tano. Siku zote tano. Ijumaa ile nikasali, nikahesabu: tano. Nikarudia: tano. Gurudumu halijachoka hata kidogo! Nikazunguka, nikachungulia upande wa mawe. Lile gurudumu dogo la chuma sikuwahi kulihesabu maishani, lilikwenda mbio mpaka likaonekana kama limesimama. Siku hiyo nililihesabu kama unavyohesabu kuku wakiingia bandani. Niliona hata kutu yake.

Kubwa linakimbia, dogo linasuasua. Katikati yao kuna nini? Mkanda tu.

Mkanda ulikuwa mpya. Ule wa zamani, wa turubai nene, ulikatika siku chache nyuma, na badala ya kungoja mwingine kutoka Iringa mjini, Bwana Yeremia alikata wake kutoka ngozi ya fahali wa marehemu baba yake. Aliuonyesha kwa kila mtu Jumanne. Nilipoutazama vizuri sasa ulikuwa unang'aa. Niliusogelea, nikasikia harufu ambayo haikuwa ya kinu. Ilikuwa harufu ya mtoto mchanga. Mafuta ya nyonyo.

Nikaelewa yote mara moja, kama vile mtu amenimwagia maji. Ngozi kwetu ni kitu cha kubebea mtoto, cha kulalia, cha kufungia mzigo. Ngozi ikiwa kavu inakwaruza, basi unaipaka mafuta ya nyonyo, unaifikicha mpaka ilainike. Kila bibi anafanya hivyo. Bwana Yeremia aliupenda mkanda wake, akaona mgumu, akaupaka asubuhi ya Jumatano kama mama anavyopaka mbeleko. Na mkanda uliolainika ukawa unateleza tu juu ya chuma, unapita bila kukishika. Mafuta yalipopata joto, saa nne na robo, ndipo ilipokuwa zamu ya ulezi wa mama.

Nilikimbia nyumbani. Nilimweleza mama, na pia nikamweleza habari ya muwa na mtungi, nikilia. Mama hakunipiga. Akasema, "Ulisema kweli. Mtungi ulinuka." Akavaa kitenge kizuri, akaenda kinuni kwa Bwana Yeremia, mimi nyuma yake. Alipiga goti kabisa, kikwetu, kama anamsalimu mkwe.

"Bwana Yeremia, samahani. Mtoto ameona mkanda unateleza. Labda ni mafuta."

Yule mtu aliangalia juu ya kichwa cha mama, akawatazama wanawake wa foleni. "Sikieni. Mwanamke wa mtungi ananifundisha mashine." Akasubiri wacheke. Wakacheka. "Mama Tusekile, amka, usichafue kitenge. Jumapili utapiga goti vizuri."

Na hii ndiyo sehemu inayoninyima usingizi, kwa hiyo naiandika pole pole. Jumamosi mchana, saa ile ya chakula, nilikuwa nyuma ya kinu, mahali mbao za ukuta zina mwanya. Bwana Yeremia hakwenda kula. Alikuwa ndani, amevua koti lake la kaki, ana ndoo ya majivu ya jikoni. Aliufuta mkanda kwa gunia, kipande kwa kipande, akaupaka majivu, akaufuta tena, akaupaka tena. Alikuwa anatoka jasho. Kwa hiyo alisikia! Alimsikia mama vizuri sana, na alimwamini. Akafungua lango, na kinu kikanguruma mpaka ukuta ukanitetemekea mgongoni. Alitoka akanikuta.

"Umeona nini wewe?"

Nikasema, "Sijaona kitu."

Maneno mawili. Nimeyarudia mara elfu.

Jumapili, ibada ilipokwisha, wazee saba walibaki wamekaa mbele kwenye mabenchi, na watu wakabaki pia, maana nani anataka kuikosa? Bwana Yeremia alisimama, koti limenyooka. Alisema kinu kiliumwa tangu Jumatano kwa sababu ya pombe, na kwamba mwanamke huyu alipoacha kusaga humo siku tatu, kikapona. "Jana kimepona chenyewe. Wote mmesaga. Hamkusaga?" Watu wakaitika kwamba wamesaga. "Na mtoto wake wa kumzaa aliniambia mtungi unanuka uchachu. Yule pale amekaa. Mwulizeni."

Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa na maneno yote tayari, tano, Baba Yetu, majivu, gunia. Mzee wa katikati akauliza, "Ulisema au hukusema?" Nikaitikia kwa kichwa kwamba nilisema.

Mama akasimama. "Kimea kilikuwa cha togwa ya kipaimara. Mama Yusta yupo hapa. Aseme yeye."

Mama Yusta alikuwa benchi la tatu, na Yusta ubavuni na gauni jeupe. Aliokota pindo la khanga yake, akalitazama kama kuna uzi umekatika. Aliutafuta uzi ule muda mrefu. Bwana Yeremia alimkodolea macho. Hakuna aliyemwuliza mara ya pili.

"Basi tubu," mzee wa katikati akamwambia mama, na alisema kwa upole, hilo nakiri. "Tubu hapa, Jumapili ijayo urudi mezani, mambo yaishe. Ukikataa, unajua habari ya nyumba."

"Mzee wangu, dhambi ninazo," mama akasema. "Nitakaa hapa mpaka jua lizame nikizitaja moja moja, mkitaka. Lakini kinu sitakitubu."

Akanishika mkono, tukatoka. Mchana ule tulifunga mizigo. Hakulia. Aliufagia uwanja wa nyumba mpaka kwenye mpaka wa jirani, akaosha mtungi, akauacha umefudikizwa barazani kwa atakayekuja.

Kesho yake, Jumatatu, alfajiri ya ukungu na baridi, tulikuwa barabarani tukisubiri lori la kwenda Mbeya. Tulikuwa na sanduku la baba la zana, godoro, na kuku mmoja amefungwa miguu. Mama Yusta akatokea kwenye ukungu, amebeba kitu kichwani.

"Kamwene," akatusalimu kikwao.

"Kamwene," mama akaitika.

Alikuwa ameleta unga, umefungwa kwenye kitambaa cheupe, kama vibaba vinne. "Wa njiani. Mpaka Igawa hamtapata kitu cha maana. Mwenzangu, unajua yule ni kaka yangu. Ningefanyaje?" Mama akaupokea kwa mikono miwili, akainama kidogo, akasema, "Ndaga," yaani asante. Mama yangu alisema asante! Nilisogea, nikaingiza kidole kwenye fundo, nikafikicha. Unga laini kama poda. Unga wa namna ile hautoki kwenye mawe yanayosuasua; ulisagwa baada ya mkanda kupakwa majivu.

Nikamtazama Mama Yusta usoni. Sikuwahi kumwanza mtu mzima kwa maneno kabla ya siku hiyo. "Kinu kinakwenda vizuri?"

"Kinakimbia, mwanangu," akasema kwa furaha, haraka haraka, akiona nimemsemesha. "Kinakimbia kama zama..." Halafu akasikia alichokuwa anasema.

Niliuchukua ule mzigo mikononi mwa mama. Nikafungua fundo, nikaumwaga unga wote barabarani. Haukuanguka mara moja, mwingi ulikaa hewani, ukamshika Mama Yusta kwenye khanga na mama kwenye nyusi. "Tusekile!" mama akasema, mara moja tu. Nilikung'uta kitambaa mpaka hakikubaki na chembe. Nikakikunja mara mbili, nikakikunja tena. Halafu nikapiga goti mbele ya Mama Yusta, kikwetu, nikamrudishia kwa mikono miwili.